Firigisi ya Mwenyekiti

Wazungu wa kwanza kula kwa Tusekile hawakuvutwa na mapishi yake. Mvua iliwafungia njia, njaa ikawauma, basi. Yeye mwenyewe alipenda kulisema hilo kila alipoulizwa, maana hakuwa mwanamke wa kujivika kilemba cha ukoka.

Mwaka ulikuwa 1970. Idodi wakati ule ilikuwa nyumba za udongo zilizotawanyika kando ya barabara ya vumbi, ile itokayo Iringa kwenda mbuga ya Ruaha. Wenyeji wengi walikuwa Wahehe. Tusekile alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, mtoto wa migomba na mvua isiyojua kukoma, na hapo Idodi aliletwa na mumewe Jailos, dereva wa greda. Greda lilipomaliza kazi, Jailos akahamia kwenye barabara kuu mpya iliyokuwa ikijengwa kwenda Zambia. Akaifuata lami, na lami haikumrudisha. Tusekile akabaki na chumba kimoja, mafiga matatu, na paka wa kijivu ambaye hakuwa na jina wala haya.

Angeweza kurudi kwao. Lakini kurudi kwa baba bila mume na bila mtoto ni kurudi kujibu maswali, na kwao watu walijua kuuliza. Akakaa. Akakaanga maandazi, akauza chai kwa madereva wa malori, akajifunza kuitikia "Kamwene", salamu ya Wahehe, kabla hajaulizwa. Watu walimwita Mnyakyusa. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Ila jina lake alilopewa na mama yake hakuna aliyelitumia, na siku nyingine, akiwa peke yake jikoni, alijiita mwenyewe kwa sauti ili asilisahau.

Wazungu walikuwa wakipita tangu zamani. Walikuwa watu wazima, wengi wao kutoka mashamba ya chai ya Mufindi, na walikwenda Ruaha kutazama tembo. Walisimamisha Land Rover nje kidogo ya kijiji, wakakunjua viti vyao, wakatoa mkate wao na mayai yao na chupa yao ya chai, wakala wakiwa wamekipa kijiji mgongo. Walikuwa wamesafiri kutoka mbali kuangalia wanyama, na watu hawakuwemo katika safari. Watoto nao, wakisikia mlio wa gari, walitoweka majanini kama vifaranga walioona mwewe. Ilijulikana nchi nzima ya Iringa kwamba chinjachinja hutembea na gari, na kwamba chini ya kiti cha nyuma kuna pipa la damu za watu. Basi Wazungu wakaogopa maji ya kijiji, kijiji kikaogopa gari la Wazungu, na kila mmoja akashukuru Mungu alipoachana na mwenzake salama.

Ndipo mvua ikanyesha. Korongo la chini ya kijiji likajaa, na bwana mmoja wa makamo na mkewe wakajikuta hawawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mkate ukaisha. Dereva wao, mtu wa Iringa mjini, akaja kwa Tusekile akikuna kichwa.

"Mama, hawa watu wangu wana njaa. Una chochote?"

"Wanakula nini?"

"Leo hii? Watakula hata hilo jamvi."

Tusekile akapika wali wa mchele wa Ubaruku na majani ya maboga ya karanga. Akabeba sinia, akabeba birika la kunawia. Na kwao Rungwe mwanamke hamsalimii mgeni akiwa amesimama wima kama mlingoti. Akapiga magoti palepale kwenye tope, ainamishe kichwa aseme salamu zake. Yule bibi wa Kizungu akadhani mama wa watu ameanguka. Akaruka kutoka kitini, akamkimbilia, akajaribu kumwinua, naye akateleza akaenda chini. Wakawa wamepiga magoti wote wawili, wameshikana mikono, tope mpaka viunoni, wanatazamana.

Tusekile ndiye aliyeanza kucheka. Bibi akafuata. Bwana naye akacheka, dereva akacheka, na majanini, mahali ambapo watoto walikuwa wamejificha wakisubiri kuona damu, kukasikika kicheko kimoja chembamba, halafu kingine. Wale wazee wakala sinia lote. Walipoondoka walishika njia wakijua kwamba Idodi kuna mwanamke anayepika, na habari hiyo haikukaa kinywani mwao.

Baada ya hapo hawakupita tena bila kusimama. Silvester, fundi seremala wa kijiji, akamtengenezea Tusekile meza ndefu ya mninga na mabenchi mawili, wakaviweka kando ya barabara chini ya kibanda cha nyasi. Silvester alikuwa fundi mzuri mwenye kicheko kibaya. Kilikuwa kikubwa, hakikuwa na breki, na kilimtoka mahali popote, hata kanisani. Meza ile ilikuwa kazi yake bora. Tusekile aliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe Idodi alikuwa na kitu ambacho watu walikitaja wakielekeza njia. "Nenda mpaka kwenye meza ya Mnyakyusa, halafu pinda kulia."

Barabara kuu ilipofunguliwa, wakaja wageni wa aina nyingine: vijana. Nywele mabegani, miguu mitupu, mabegi mgongoni. Wengine walikuwa wameomba lifti tangu Nairobi. Wasichana wao walishuka garini na kaptula ambazo zilikuwa zimekata tamaa mapema. Wazee wa Idodi waligeuza shingo pembeni kwa heshima, na mmoja wao shingo ilimkaa vibaya kwa wiki nzima kwa sababu aliigeuza mara nyingi mno.

Tusekile alilitatua jambo hilo kwa namna yake. Alifunga kamba ndani ya kibanda, akatundika vitenge. Msichana akishuka miguu wazi, hapati chai kwanza, anapata kitenge. Tusekile alimfunga mwenyewe kiunoni, akavuta kwa nguvu, akampiga kofi dogo la nyonga.

"Haya. Sasa kaa ule."

Nao walipenda! Walijitazama, wakazunguka, wakapigana picha. Wengine walimwita Mama Tuse, na yeye aliposikia jina lake, hata nusu yake, likitoka katika kinywa cha mtu, moyo ulimchangamka. Aliwapenda wageni wale, na hakulificha. Aliwapenda kwa sababu walifika wasijue pa kukaa, wasijue waseme nini, wakitabasamu ovyo kwa kila mtu ili wasichukiwe. Na yeye alikuwa amefika Idodi vivyo hivyo.

Kijiji nacho kikawazoea. Wanawake walileta mayai na mikeka. Watoto waliokuwa wakikimbilia majanini sasa walikimbilia gari, na hadithi ya pipa la damu ikabaki ya kuwatishia wasiotaka kuoga. Si kwamba mambo yote yalikuwa asali. Siku moja gari lilisimama penye kilio, na mgeni akashuka na kamera akawapiga picha akina mama waliokuwa wakimlilia marehemu wao. Alifukuzwa, akaenda zake. Lakini hasira ile haikwenda naye. Watu waliiweka akiba.

Sasa tuje kwa mwenyekiti. Mzee Abrahamu alikuwa mtu mwema, isipokuwa mbele ya watu. Nyumbani kwake angekupa shati lake. Mkutanoni alikuwa mkali hata kwa viti. Alipenda kuja kuketi na wageni pale mezani na kuwauliza habari za kwao kupitia kwa dereva. Kwao kuna tembo? Hakuna. Kuna simba? Hakuna. Basi mzee Abrahamu aliwatazama kwa huruma ya kweli, watu wa nchi isiyokuwa na kitu, akawasogezea bakuli la mchuzi.

Kiangazi cha mwaka 1973 likafika gari la vijana wa Kiswidi, na kati yao mmoja mrefu sana mwenye ndevu nyekundu. Watoto walimpa jina papo hapo: Ndevu. Tusekile akachinja kuku. Mwenyekiti akaja, akanawa, akaketi katikati ya wageni. Na pale ndipo Tusekile, ambaye alikuwa amelisha magari mengi bila doa, alipokosea.

Kila mtu anajua kwamba kuku ana firigisi moja. Kila mtu anajua pia kwamba firigisi si nyama ya kila mtu. Mwanamke haigusi; Tusekile alikuwa amepika firigisi tangu utotoni, ameiosha, ameimenya ngozi yake ya njano, ameipamba juu ya mchuzi, na ulimi wake haujawahi kuijua. Kwa baba yake kule Rungwe, firigisi alipewa mgeni, akaimaliza mwenyewe, na wenye nyumba wakafurahi kumwona anatafuna. Lakini pale Idodi, au walau katika ukoo wa mzee Abrahamu, mambo yalikuwa tofauti kidogo. Firigisi iliwekwa mbele ya mkubwa wa mahali. Yeye ndiye aliyeikata, na yeye ndiye aliyemkatia mgeni kipande kwa mkono wake. Heshima haikuwa katika kula tu. Ilikuwa katika kugawa. Tusekile hakujua. Nani angemwambia? Wanawake hawakuketi kwenye sinia la wanaume, na wanaume hawakujua kwamba kuna mtu mzima asiyejua.

Akaiweka firigisi nzima kwenye sahani ya Ndevu, akarudi nyuma akiwa ameridhika.

Ndevu akaitazama. Akaigusa kwa kidole. Akaipindua. Dereva angemwonya, lakini dereva alikuwa na paja zima mdomoni. Yule kijana, kwa upole kabisa, bila nia mbaya hata chembe, akaichukua firigisi akaishusha chini ya meza, na paka wa kijivu akaipokea.

Ulisikika mlio mmoja tu, wa paka akitafuna. Na huenda hata hapo mambo yangepona, kwa sababu mzee Abrahamu alikuwa amekwisha kufumba macho, na mtu akifumba macho ana hiari ya kusema hakuona. Lakini Silvester alikuwa amekaa kwenye benchi la pili, na kicheko chake, kama nilivyosema, hakikuwa na breki.

Mwenyekiti akasimama. Akanawa mikono ambayo haikuwa imeshika chakula. Alipokuwa akiondoka hakumtazama mgeni, alimtazama Tusekile.

"Mnyakyusa," alisema, "mimi nimekukalisha kwenye kijiji hiki. Wewe umenikalisha nyuma ya paka."

Kabla ya jua kuchwa kijiji kizima kilikuwa na habari, na malori yakaibeba mpaka Iringa. Watoto walitunga wimbo, wakachapwa, wakauimba kimyakimya. Asubuhi Tusekile alikwenda kwa mzee Abrahamu na jogoo wake mkubwa kwapani, akapiga magoti uani, akamwita baba kwa lugha ya kwao.

"Tata, nisamehe. Sikujua desturi ya hapa. Kwetu mgeni ndiye hupewa."

"Rudi na jogoo wako."

"Tata, nitakupikia hapahapa."

"Kuku ana firigisi moja, Mnyakyusa. Yangu imeshaliwa."

Mkutano wa kijiji ulifanyika juma hilohilo. Mwenyekiti hakumtaja paka, alitaja heshima. Alitaja kaptula. Alitaja kamera penye kilio, na hapo watu wakaguna, kwa sababu ile akiba ilikuwa bado ipo. Mtu mmoja akathubutu kusema kwamba wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Ndiyo," mzee Abrahamu akajibu. "Ila huyu wetu anakuja, paka ndiye anayepona."

Watu wakacheka, na azimio likapita. Wageni watapita; hawatasimama. Meza ya barabarani itoke. Silvester alikuwa ameinamisha kichwa muda wote akichora chini kwa kijiti, naye alijua fika kwamba kicheko chake ndicho kilichoua. Baadaye alisaidia kuibeba meza nyuma ya nyumba ya Tusekile. Waliilaza kifudifudi, miguu juu. Kuku wakaanza kutaga katikati ya miguu yake.

Iliuma, tusidanganyane. Kukosa wateja kuliuma, kwa maana maandazi peke yake hayamvishi mtu. Lakini kilichomuuma zaidi ni kuketi mlangoni na kuona gari likija, kuinua mkono, kukumbuka, na kuushusha. Mwanzoni magari yalipunguza mwendo. Nyuso zilichungulia, zikitafuta kibanda. Kisha habari ikazunguka huko kwa wageni kama ilivyozunguka ile ya kwanza: Idodi siku hizi watu wamenuna, msisimame. Vioo vikapandishwa. Madereva wakaongeza mwendo, vumbi likaingia kwenye vyungu, na watu waliotiwa vumbi wakasema, mnaona, hawatujali. Kuna mwaka mtoto alirusha jiwe. Tusekile aliliona likigonga mlango wa gari, akaona msichana mmoja ndani akijikunyata, hana kitenge wala chai, na alikwenda jikoni akalia mpaka uji ukaungua.

Kijiji kilikua hata hivyo. Mwaka 1974 watu wengi waliletwa kwa malori ya serikali kuja kukaa pamoja, wakashushwa kando ya barabara na vyungu vyao na mbuzi wao, wakiwa hawajui mlango wala dirisha. Waliokuwepo tangu mwanzo waliwatazama kwa mbali. Tusekile aliwapelekea uji. Hakuulizwa na mtu, hakuomba ruhusa. Mzee Abrahamu alimwona akipita na ndoo kichwani, nyumba hadi nyumba, akageuza uso kama aliyekumbuka kitu.

Watu walimwomba zile mbao za meza. Mmoja alitaka mlango, mwingine kitanda. Aliwakatalia wote.

"Kuku wangu watalala wapi?" alisema.

Kisha barabara yenyewe ikanyamaza. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya ulifungwa, na wale vijana wa mabegi waliokuwa wakishuka kutoka Nairobi wakakatika kama maji ya bomba. Ikaja vita ya Kagera, petroli ikawa dawa, sukari na sabuni zikawa hadithi. Siku zilipita gari la mgeni halijaonekana. Na hapo, ndivyo binadamu tulivyo, Idodi ikaanza kuwakumbuka. Mayai yakakosa mnunuzi. Mikeka ikarundikana. Wanawake wakasimuliana habari za yule mgeni aliyetaka kununua kinu, na yule aliyemwogopa mbuzi. Mzee Abrahamu mwenyewe aliketi barazani kwake jioni, na kila injini ilipolia kwa mbali alijinyoosha, akaweka sawa kofia. Likatokea lori la ushirika, akaegemea tena ukutani. Aliyekuwa akiwauliza wageni habari za simba na tembo sasa hakuwa na wa kumuuliza. Lakini maneno ya mkutanoni hayamezeki. Yeye na Tusekile waliendelea na "Kamwene" yao, mara moja asubuhi, bila nyongeza.

Mwaka 1979, vita imekwisha, gari la mradi wa maji likaingia kijijini polepole. Akashuka Mzungu mrefu, mwembamba, uso umenyolewa safi, amevaa suruali ndefu na viatu. Kwapani alikuwa na kuku hai. Hakwenda kwenye nyumba ya kwanza wala hakuuliza njia. Alikwenda kwa mwenyekiti, akasimama mbali na mlango kama mkwe, akabisha hodi.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene," akajibu mzee Abrahamu, akimwangalia kuku zaidi ya mtu. "Karibu. Wewe nani?"

Kiswahili cha mgeni kilikuwa cha Iringa kabisa, cha kuburuta kidogo.

"Mimi ndiye yule wa paka."

Watu waliokuwepo wanasema mzee Abrahamu alishika ukuta. Ndevu, maana ndiye, hata bila ndevu, akaeleza akiwa bado amesimama. Alikuwa amerudi nchini kufanya kazi, anachimba visima upande wa pili wa Iringa. Siku moja wakila na mafundi wenzake, mmoja akasimulia kichekesho maarufu cha Mzungu aliyempa paka firigisi ya mwenyekiti wa Idodi. Mafundi wote wakacheka. Yeye akauliza ilikuwa mwaka gani. Halafu akauliza huyo Mzungu alikuwa na ndevu za rangi gani.

"Sikuweza kumaliza chakula, mzee. Wakanifundisha firigisi ni nini. Nikaona nije."

"Umechukua muda," alisema mzee Abrahamu.

"Ndiyo. Na mama yule? Mama Tuse? Anapika bado?"

Mwenyekiti aligeuka. Alitazama upande wa nyumba ya Tusekile, mahali ambapo miguu minne ya meza ilionekana juu ya ukuta wa nyasi, imejaa utando wa buibui. Kwa mara ya kwanza, nadhani, aliziona hesabu zake zilivyokwenda: mgeni alikosea, paka akala, Silvester akacheka, na aliyelipa peke yake ni mwanamke aliyekuwa amejaribu kuwa na adabu.

"Kuku huyo sitampokea hapa," akasema. "Ataliwa mahali pake. Silvester! Njoo tuinue meza."

Waliigeuza wao wawili, mwenyekiti mbele na fundi nyuma. Kuku walitawanyika wakilalamika, mayai mawili yakavunjika, na hakuna aliyejali. Tusekile alitoka jikoni na unga mikononi, akaona meza yake inatembea kwenda barabarani. Alichukua mchanga na majivu, akaanza kusugua.

Ndevu alimsogelea. Akapiga magoti. Tusekile akamshika mabega.

"Simama wewe! Wakiniona tena na Mzungu magotini, watasema nimezoea."

Akamchinja yule kuku, akapika. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja, wengine wakijifanya wanapita. Safari hii hakukuwa na swali: firigisi ilikwenda juu ya sahani ndogo, peke yake, mbele ya mzee Abrahamu. Alipoiweka alirudi jikoni haraka, akasimama nyuma ya mlango, asione.

Mzee Abrahamu alichukua kisu. Watu wote walijua afanye nini: akate, ampe mgeni kipande, desturi itimie, paka asamehewe. Ndevu alikuwa ameshatega kiganja. Mwenyekiti akakiweka kisu chini. Akainuka na sahani yake, akazunguka meza, na mbele ya watu, yeye aliyekuwa mkali hata kwa viti, akainama kuupita mlango mfupi wa jikoni.

Tusekile alishtuka. Mwanamume hakuwahi kuingia mle tangu Jailos.

"Tusekile," alisema.

Hakuwa amelisikia jina hilo zima kinywani mwa mtu mwingine kwa miaka. Alishika figa asijue ni la moto, akaliachia.

"Uliniambia kwenu firigisi hupewa mgeni. Mimi nilikaa nikadhani mgeni ni yule mwenye gari." Akamnyooshea sahani kwa mikono miwili. "Wewe ulikuja hapa peke yako, na sikukukatia hata kipande. Kula."

"Tata, mimi ni mwanamke."

"Nimeona. Kula."

Machozi yalimjia, hakuyafuta. Akaichukua firigisi, akauma. Akatafuna. Ilikuwa ngumu. Ilikuwa ngumu kama soli, inateleza upande huu wa shavu na kurudi upande ule, na haikuwa na utamu wowote ambao paja la kuku halina mara mbili. Mzee Abrahamu alisimama mbele yake akimtazama mdomo kwa shauku ya mtu aliyetoa kitu kikubwa.

"Tamu?"

"Tamu sana, tata. Ndaga," alishukuru kwa lugha ya kwao.

"Eeh," alisema mwenyekiti, ameridhika, akainama tena akatoka nje kwa wageni wake.

Tusekile alibaki na nusu iliyosalia mkononi. Basi ndiyo hii, akawaza. Hii ndiyo iliyolaza meza kifudifudi, iliyofunga vioo, iliyorusha jiwe. Wanaume walikuwa wakiitolea macho tangu enzi za mababu. Kando ya mafiga, paka wa kijivu, mzee sasa, sikio moja limekatika, aliinua kichwa akamtazama. Tusekile akachungulia mlangoni. Hakuna aliyekuwa akiangalia. Akainama, polepole, bila nia mbaya hata chembe, akamwekea mbele ya miguu.

Ndipo kicheko kikamshika. Alijaza khanga mdomoni, hakikuzibika. Kilimtoka puani, kikamtoka machoni, akaketi chini karibu na paka akicheka mpaka mbavu zikauma.

Nje, mzee Abrahamu alimgusa mgeni kiwiko.

"Unamsikia?" akasema kwa fahari. "Huo ndio utamu wa firigisi."

Tusekile akajifuta uso, akalijaza birika maji, akatoka nje kuwanawisha wageni wake.